Sista Nirudishie Anastaafu, Benchi Lake Halistaafu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Sista Nirudishie anavua sare yake baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika hospitali yetu, mingi kati ya hiyo akiwa wodi ya moyo. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho na litakuwa kwenye keki, ila ukilitaja wodini watu watakuuliza ni nani huyo. Wenzangu wameniomba niandike wasifu wake. Nilipowauliza kwa nini mimi, mhudumu wa usafi, tena shule yenyewe niliiachia njiani, wakasema mimi ndiye ninayepiga deki ile korido anayofundishia, na hakuna somo lake ambalo sijalisikia nikiwa nimesimama na ndoo nikisubiri watu wainue miguu.

Basi naandika. Na niseme mapema ili anayetafuta kilio asijisumbue: hapa hakuna kilio. Tumeambiwa kikaoni kwamba sista akiondoka, darasa lake nalo linaondoka. Nafasi yake haitajazwa, na wagonjwa watakuwa wanapewa karatasi ya maelezo wakasome nyumbani. Tumesikia. Msome hadi mwisho muone tumejibu nini.

Kwa wale wa idara nyingine wasioijua kazi yake, ni hivi. Mtu anapatwa na mshtuko wa moyo, analetwa hapa jasho linamtiririka na mkono uko kifuani. Madaktari wanafanya yao, anapona, na baada ya siku kadhaa anaambiwa unaweza kwenda nyumbani. Wengi tunadhani hapo ndipo furaha inapoanza. Hapana, hapo ndipo hofu inapoanza. Mtu aliyekuwa akibeba magunia anaogopa kuinama kufunga kamba za viatu. Hajui apande ngazi au asipande, akasirike au ajizuie, acheke kwa sauti au atabasamu tu. Mkewe naye kila akigeuka kitandani anamtikisa kuangalia kama bado anapumua. Mtu wa namna hiyo ndiye Sista Nirudishie anayemvutia kiti.

Namna yake ya kufundisha haifanani na ya mtu mwingine. Anaeleza jambo moja tu, kwa maneno ya nyumbani, halafu ananyamaza, anakutazama, anasema: haya, nirudishie. Mgonjwa anatakiwa amwelezee yeye jambo lile lile kwa maneno yake mwenyewe. Akijibu kwamba ameelewa, sista anamwambia kutikisa kichwa hata mbuzi anajua. Ukirudisha nusu, anakueleza upya bila kukunja uso, maana kwake ukikosea wewe, aliyekosea kueleza ni yeye.

Siku ya kuruhusiwa ndiyo yenye kazi. Siku hiyo wanabadilishana viti. Mgonjwa anakuwa sista, na sista anakuwa mgonjwa, tena mgonjwa mkaidi kuliko wote waliowahi kulazwa. Anakunja nne, anapiga miayo, anasema yeye amepona na dawa zake amempa jirani. Anasema sigara moja baada ya kula si sigara. Anasema shemeji yake alipatwa na moyo hivyo hivyo, akanywa majani fulani, leo anacheza mpira. Na wewe uliyeletwa juzi kwenye machela ndiye unatakiwa umbembeleze mpaka akubali kumeza dawa zake kila siku bila kukatisha. Nilimwona mama mmoja muuza nguo akibembeleza, akabembeleza, mwishowe uvumilivu ukamwishia, akamwambia sista, "Wewe mwanamke, watoto wako unataka nilee mimi?" Sista akainuka akampa mkono. Huyo akaruhusiwa siku hiyo hiyo.

Alitoa wapi mambo haya? Mwenyewe haoni haya kusema. Alianza kazi wodi ya wazazi, akipokea watoto, na alikuwa huko bado baba yake alipopatwa na mshtuko wa moyo. Baba alikuwa mwashi, mtu wa kupanda jukwaa na tofali mikononi. Walimtibu vizuri, wakamruhusu na mfuko wa dawa na neno moja: apumzike. Basi akapumzika. Hakuna aliyemwambia apumzike mpaka lini. Nyumba nzima ikawa inatembea kwa vidole. Akiletewa mjukuu, wanasema usimchoshe babu. Akitaka kutoka uani, wanamrudisha. Dawa zikaisha, na kwa kuwa hakuwa na maumivu, wakaona amemaliza dozi. Yule mwashi aliyejenga nusu ya mtaa wao hakuvuka tena mlango wa chumba chake, na mshtuko wa pili ulimkuta pale pale kitandani. Sista anasema, mimi nilikuwa nesi ndani ya nyumba ile, na hata mimi nilikuwa namfunika shuka na kumwambia baba tulia. Baada ya msiba aliomba kuhamishiwa wodi ya moyo, na hakuomba tena kuhama.

Amefundisha mengi ambayo wengine tunaona aibu kuyataja. Kuna swali moja kila mwanaume aliyepatwa na moyo analo, na hakuna anayeuliza. Wanauliza habari za kuendesha gari, habari za kupanda baiskeli, wanazunguka weee. Sista hawasubiri. Anawaambia wazi kwamba wakiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuhema sana, na daktari akiridhika, mambo ya chumbani nayo yanaruhusiwa. Nawaambieni, wiki ya somo hilo ngazi zetu huwa hazipitiki. Wazee wanapanda taratibu, wameshika reli, nyuso zimejaa bidii, na mimi na dekio langu nawapisha kwa heshima.

Kwa wanawake ana somo lao. Anawaambia moyo wa mwanamke mara nyingine haupigi kelele kifuani. Unaweza kuja kama uchovu usioeleweka, kukosa pumzi, kichefuchefu, maumivu ya mgongo au ya taya, na mama anasema ni kazi tu, nikimaliza kufua nitapumzika. Anawaambia waache nguo kwenye beseni waje. Mama mkwe wangu alikuja hospitali hii kwa sababu ya somo hilo. Mimi ndiye niliyempelekea somo nyumbani, naye akaishi hadi kumwona mwanangu akisimama dede.

Na wanaolia nao wana nafasi yao. Dereva wa lori, mtu wa kifua kipana, alikuwa akilia kila akisikia jina la mwanawe, akadhani ameharibika akili. Sista alimweleza kwamba mtu akishaponea chupuchupu, machozi, hasira na kukosa usingizi huwapata wengi, si udhaifu, yasemwe, na yakizidi msaada upo. Halafu akamwambia arudishe. Yule bwana akarudisha huku analia, sote tukamsubiri amalize.

Tusimpambe sana lakini. Sista Nirudishie ana kasoro zake. Hakuna kalamu iliyowahi kurudi kutoka mfukoni mwake. Anawahimiza wagonjwa wapunguze chumvi, yeye chai yake tukipima sukari tutalia. Mumewe, fundi redio, anasema nyumbani hajawahi kuagizwa dukani bila kuambiwa amrudishie alichoagizwa, na bado analeta sabuni badala ya kiberiti.

Yupo pia mzee mmoja wa kumtaja kwa sababu bila yeye hadithi hii haikamiliki, naye ni fundi seremala. Alipokuwa mgonjwa alipewa kile kidonge cha kuweka chini ya ulimi maumivu yakija, akafundishwa vizuri, akarudisha vizuri. Sista alimwambia akiweke mbali na wajukuu. Fundi akatii kabisa: akakifungia kwenye mtoto wa meza aliyoitengeneza kwa mkono wake, na ufunguo akampa mkewe. Maumivu yalikuja mkewe akiwa saluni. Fundi akakaa chini kama alivyofundishwa, akabaki anaitazama meza yake. Alikuwa ameitengeneza vizuri mno. Jirani aliyemsikia akiita alivunja kufuli kwa nyundo, kidonge kikafika chini ya ulimi, na maumivu yalipokataa kutulia ndani ya dakika tano wakatafuta gari, akaletwa kwetu akiwa hai. Sista hakumlaumu. Alisema somo lake ndilo lililokuwa na tundu. Tangu hapo hamuulizi mgonjwa kama anayo dawa. Anauliza iko wapi sasa hivi, nionyeshe, na mgonjwa aipapase kwenye mfuko wa shati mbele yake.

Sasa nifike kwenye benchi.

Darasa lilikuwa na chumba, kile kidogo cha mwisho wodini. Miaka mitatu iliyopita tukapata katibu mpya wa hospitali, ambaye sisi tunamwita Bwana Utaratibu. Si mtu mbaya, anajibu salamu. Ila alihitaji stoo ya viti vilivyovunjika, na akaona chumba ambacho watu wanaongea tu ndicho cha kuchukua. Alileta boksi la karatasi zenye picha ya moyo mwekundu unaocheka, akasema elimu yote imo humo. Sista akachukua moja, akashukuru, akaipeleka darasani. Akawaambia wagonjwa waiulize swali. Wakaiuliza. Wakangoja. Akasema haya, na tuendelee.

Asubuhi iliyofuata chumba kilikuwa na kufuli. Darasa likashuka korido ya chini, kwenye uwazi ulio chini ya ngazi ambapo huwa naweka ndoo zangu. Watu waliotoka kulazwa kwa ajili ya moyo wakawa wanasoma wameegemea ukuta. Hilo lilimuuma sista kuliko kufuli, maana kila siku yeye ndiye anayewaambia wasisimame muda mrefu. Fundi seremala alikuja kliniki akayaona. Wiki iliyofuata akarudi na benchi la mbao ngumu, refu, miguu minene, likiwa juu ya mkokoteni unaosukumwa na mafundi wake. Yeye mwenyewe hakuligusa. Alitembea pembeni, mikono nyuma, kama mwenye shamba. Walipoliweka chini sakafu ililia.

Bwana Utaratibu alitokea saa nne asubuhi, faili kwapani, somo likiwa katikati. Akauliza nani kaweka benchi hapa. Sista akamkaribisha akae. Hakukaa. Akasema korido ni njia ya watu, benchi litoke, tena sasa hivi. Akawageukia waliokuwa wamelikalia: dereva wa lori, mwalimu wa hesabu, kinyozi na mzee mmoja mfuga kuku.

"Hebu wazee wangu, nyanyukeni, shikeni huku na huku, mlitoe nje."

Wakamtazama sista. Sista akakunja mikono, akaangalia dari. Kisha dereva akajikohoza.

"Samahani mkuu. Moyo wangu una kidonda, kinapona. Kwa wiki hizi siruhusiwi kubeba, kusukuma wala kuvuta kitu kizito."

Mwalimu akapokea, akasema na asiyejua ni kwa nini asikie: mtu akiinua kitu kizito anabana pumzi, presha inapanda, na moyo unaopona unalazimishwa kazi ambayo haujawa tayari nayo. Kinyozi akasema yeye ameambiwa aanze na kikombe, halafu sufuria ndogo, na kwenye mabenchi hajafika. Mfuga kuku, mtu asiye na maneno mengi, akasema akihisi chochote kifuani anatakiwa akae chini mara moja, na tangu mkuu aanze kufoka anahisihisi kitu, kwa hiyo anakaa. Akajiweka sawasawa katikati ya benchi.

"Safi kabisa," sista akasema. "Nani mwingine anirudishie?"

Hapo sista akamshika mfuga kuku mkono, akampima mapigo, akamuuliza kama ni kweli au utani. Ilikuwa utani. Alimkanya palepale mbele ya wote kwamba kifua hakitaniwi, maana siku ya kweli watu watacheka.

Bwana Utaratibu akanigeukia mimi. Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi saba na ndoo mkononi. Akalitazama tumbo, akalitazama benchi, akaondoka na faili lake. Mchana alituma mlinzi. Mlinzi alikuta mama yake mzazi amekaa darasani anarudisha somo la dawa. Akaketi pembeni yake, akasikiliza hadi mwisho. Benchi halikuhama, na tangu siku hiyo hakuna aliyeligusa ila mimi ninapolifuta vumbi.

Mwanangu aliyekuwa tumboni siku ile sasa anaongea. Nikimpa kikombe ananiambia nirudishie. Sijui alisikia wapi.

Sasa lile neno la kikaoni. Tulipoambiwa darasa linaisha, tulitegemea sista asimame aongee, tukajiandaa kupiga makofi. Hakusimama. Kesho yake asubuhi alishuka chini, akakaa kwenye benchi upande wa mgonjwa, akasema mwezi huu mzima yeye anaumwa, atakayeweza amfundishe. Wakaja manesi wa zamu. Wakaja wake wa wagonjwa. Akaja fundi seremala, akashindwa, akarudi siku nyingine. Sista alikuwa mkaidi kiasi kwamba nesi mdogo, yule binti mwenye miwani aliyetoka chuo juzijuzi, alikimbilia chooni kulia. Nilimpelekea maji. Akaniambia, dada, siwezi, kila ninachosema ana jibu. Nikamwambia na wagonjwa nao wana majibu, nawe nawa uso.

Alhamisi iliyopita alijaribu tena. Safari hii sista hakuleta vituko. Hakupiga miayo, hakutaja sigara wala shemeji. Alilala kwenye benchi, akajifunika kanga yake mpaka kidevuni, akasema kwa sauti ya mzee, "Mimi nikitembea nitakufa. Niacheni nipumzike."

Wote tunaoijua hadithi ya yule mwashi tuliacha tulichokuwa tunafanya.

Nesi mdogo alikuwa na maelezo yake yote kichwani. Aliyaweka kando yote. Halafu akapiga goti karibu na benchi, akatoa mkono.

"Baba, twende mpaka mlangoni tu. Nipo."

Sista akashusha miguu, akaushika ule mkono, wakatembea. Taratibu, binti akimuuliza kama kifua kiko salama, kama anahema, kama wapumzike. Walipofika mlangoni, jua likiwapiga usoni, sista akauliza, "Na kesho?"

"Kesho getini. Keshokutwa barabarani. Na dawa zako ziko wapi, nionyeshe."

Sista akapapasa mfuko wa sare yake, akatoa kalamu tatu, mojawapo yangu.

"Haya," akasema, na sauti ilikuwa imerudi kuwa yake. "Sasa naweza kwenda nyumbani."

Hilo ndilo jibu letu kwa kikao. Tunaheshimu wakubwa, karatasi zao tutazigawa, na picha ya moyo unaocheka si mbaya, watoto wanaipenda. Ila Jumatatu saa nne asubuhi darasa lipo. Nesi mdogo atafundisha kwa muda wake wa chai. Fundi seremala atasimulia habari za mtoto wa meza. Dereva wa lori atakuja siku asizokuwa safarini, na mama muuza nguo amesema wakaidi wote waachiwe yeye.

Na wewe, Sista, hutoki hivi hivi. Ulitufundisha, basi tunakurudishia. Mtu akitoka hapa asiende kulala akingoja kufa, aende kuanza upya, leo mlangoni, kesho getini. Dawa hazikatishwi kwa sababu mtu amejisikia vizuri, amejisikia vizuri kwa sababu anazimeza. Kidonge cha chini ya ulimi hakifungiwi. Maumivu yakija unakaa chini, na yasipotulia upesi hujikazi kiume wala kike, unatafuta msaada. Anayekula na anayepika wafundishwe pamoja. Anayelia asubiriwe amalize. Na mtu akisema ameelewa, usimwamini mpaka akurudishie.

Tumepatia? Kama kuna tundu, benchi lipo, njoo ukae utueleze upya.

Asante kwa miaka yako, mama yetu. Asante kwa wale wote wanaopita getini kwa miguu yao na kutupungia mkono, na hawajui kwamba tunawahesabu kuwa wako. Nenda kapumzike, lakini si kama walivyomwambia mwashi. Pumzika huku unatembea. Punguza sukari. Mwache fundi redio alete sabuni. Tunakuombea maisha marefu, yenye afya na vicheko vya sauti.

Na yeyote anayetaka kulihamisha lile benchi, aje na watu wa kulibeba. Ila waketi kwanza, tuwape somo.